Mikono Miwili

Tulitoka sinema saa sita kasoro, Gunsan imeganda,
tukaingia kwa Mama Okbun kunywa supu ya chipukizi.
Mvuke ukaipofusha miwani ya Mzee Tak,
mpelelezi wa miaka thelathini na mmoja, sasa mstaafu,
ambaye hajapata kuipenda filamu yoyote ya polisi.

"Uongo mtupu," akasema, akipapasa kijiko.
"Nani humtia mtu pingu kwenye mvua kama ile?
Sisi tulikuwa tunajaza fomu."

Mimi nikaitetea ile dakika ya mezani:
mpelelezi kijana, mtuhumiwa mwenye mvi,
chupa ya soju katikati,
na kijana, ushahidi wote umo mfukoni mwake,
anammiminia kwa mikono miwili,
anageuza uso pembeni ndipo anywe,
kwa kuwa muuaji kamzidi miaka tisa.
Ukumbini watu walicheka. Kisha kicheko kikakatika
kama uzi menoni mwa fundi.

Nikasema: lugha yetu ni ngazi,
kila kitenzi kina cheo chake.
Huwezi hata kumwambia mtu "umeua"
kabla hujajua kazaliwa mwaka gani.

"Hapo sawa," Mzee Tak akakubali, shingo upande.
"Mmoja alinishinda hivyo hivyo. Alisoma darasa moja na kaka yangu.
Nilimwamkia kwa adabu, mara moja tu,
kesi ikafia mikononi mwangu."

Gyuri, mdogo wetu, hakuijali adabu.
Yeye alimshika yule dereva
aliyekubali kufungwa badala ya mtoto wa tajiri,
kwa sababu tajiri alilipa hospitali ya mama yake.
"Deni," akasema, "ndilo lililoua. Kisu kilifuata nyuma."

Mama Okbun alikuwa anafuta meza ambayo ilishatakata.
"Huyo dereva," akauliza, "alilia?"
"Alilia sana. Dakika nzima, na fidla juu yake."

"Kaka yangu hakulia.
Alipiga pasi shati. Akaniuliza kama nimezima gesi.
Akatoka, akarudi, nikadhani kaghairi,
kumbe ameviona viatu vya baba vimekaa ovyo,
akainama, akavigeuza vitazame mlango.
Kisha akaenda kituoni kusema, ni mimi.
Kiwandani walituletea mchele kila vuli,
miaka sita. Mchele mzuri.
Tuliula."

Gyuri akafungua mdomo, nikamkanyaga mguu.

Mzee Tak hakuuliza ilikuwa mwaka gani.
Nilimwona tu akihesabu, midomo ikicheza,
akirudi nyuma, nyuma, mpaka pahali fulani
ikasimama.

Akaichukua chupa.
Yeye mwenye miaka sabini na miwili
akammiminia mwanamke aliyemzidi miaka kumi na tano
kwa mikono miwili,
na ile ya kulia ilikuwa inatetemeka.

Mama Okbun hakugeuza uso pembeni.
Alikunywa akimtazama.

Halafu akaandika hesabu kama siku zote,
wani elfu tisa kila mtu,
na soju akaiweka peke yake, chini,
kwa jina la mzee.