Jiwe la Sikio la Gayogayo

Gdynia, ghorofa ya tatu, Februari.
Dirisha limeganda pembe zote nne
na Dobrochna amefungua faili aliloliacha Ziemowit
siku ya kustaafu, pamoja na kikombe kilichovunjika mkono
na kikaratasi: "Linafanya kazi. Usiliguse."

Analigusa.

Mistari elfu moja mia tisa na sita.
Fungua picha. Igeuze kijivu. Ondoa chenga.
Tafuta kiini. Hesabu pete toka kiini hadi ukingo.
Andika umri.
Maana samaki hubeba miaka yake sikioni:
kijiwe cha ukubwa wa punje ya mchele,
kila kipupwe kikijivika pete moja.
Kisha samaki wa pili:
fungua picha, igeuze kijivu, ondoa chenga, tafuta kiini
(mmeshaelewa,
lakini Ziemowit hakutaka kubahatisha).
Aliandika yote mara sita:
chewa, heringi, dagaa, samoni, sangara,
na mwisho kabisa gayogayo.

Novemba waligundua kosa kwenye chewa, wakalitibu.
Hakuna aliyekumbuka kwamba kosa lina ndugu watano.
Wiki tatu nzima, kwenye majedwali,
kila heringi wa ghuba alikuwa mkubwa kwa mwaka
kuliko alivyokuwa majini.

Lugha ninayoandikia haioni haya kurudia.
Mbali ikirudiwa haiendi mbali zaidi, huwa mbalimbali.
Pole ikirudiwa haikufariji, hukupunguzia mwendo.
Na gayogayo? Hakuna gayo mmoja popote;
samaki huyu hakuwahi kuitwa mara moja tu.
Ila mashine haina sikio la takriri.
Mara sita kwake ni mara sita,
na kosa ni sita.

Basi Dobrochna anakunja.
Anaandika kazi moja, anaipa jina, anaiita:
njoo na chewa. Njoo na heringi.
Mistari inafutika kwa mamia,
na kuna raha ndani yake, raha ya kufagia,
hata chai inapoa bila yeye kujua.
Anajaribu picha za zamani, moja moja.
Chewa, sawa. Heringi, sawa. Dagaa, samoni, sangara, sawa.
Gayogayo, hapana.
Nusu yao wamepoteza miaka miwili.

Anarudi kwenye faili la kale, nakala ya sita,
kidole juu ya kioo,
mpaka mstari huu usio na maelezo, usio na pacha:
sogeza kiini, pikseli kumi na moja, kushoto.

Anampigia simu. Ziemowit yuko nje, anaondoa theluji;
sepetu inakwaruza, inanyamaza.
"Gayogayo," anasema, "huanguliwa akiwa wima kama wenzake.
Halafu jicho moja linahama,
naye analala ubavu maisha yake yote.
Mawe yake mawili hayafanani tena.
La upande mmoja, kiini hakikai katikati."
"Hukuandika."
"Niliandika. Kumi na moja."

Kimya. Sepetu tena.
"Kwa nini hukuiandika kazi moja, ukaiita mara sita?"
"Nilikuwa nawajifunza, mmoja mmoja.
Mkono ulikuwa unajifunza."

Hana jibu la kumpa.
Kwenye kazi mpya anaongeza kigezo kimoja:
kiini kiende upande gani, kwa kiasi gani.
Kwa watano, sifuri. Kwa gayogayo, kumi na moja,
na juu yake sentensi mbili kuhusu jicho lililohama,
kwa yule atakayekuja baada yake
akiwa na haraka.

Mistari mia tatu na kumi na miwili.
Anaingiza picha ya kwanza: gayogayo, jiwe la kushoto.
Kijivu. Chenga zinaondoka.
Pete tisa.
Ya saba ni nyembamba kama uzi.
Anaikuza, anaitazama sana.
Mwaka gani ule, chini huko, na njaa gani?
Msimbo umeihesabu kama zile nyingine.