Kikombe cha Bati

Kilining'inia msumarini, nyuma ya mlango wa jikoni,
kikombe cha bati, rangi imebanduka ukingoni.
Hakuna aliyetwambia ni cha nani. Tulijua.
Ni cha mchota maji, cha mpasua kuni,
cha Sijaona akija kuuza mihogo.
Vya kauri, vyenye maua, vilikuwa vya watu.

Mama yangu, Bi Thuwaiba, hakuwa mbaya.
Nasema hivi kwa kuwa ni kweli, na kwa kuwa inaniuma.
Alifunga Jumatatu na Alhamisi, alitoa zaka hadi senti.
Ila mababu aliwahesabu kama mtu ahesabuye fedha gizani,
kwa vidole, kwa hofu,
na wote walitoka ng'ambo, hata mmoja hakuzaliwa Tanga.
Naye Sijaona, binti wa manamba wa Songea,
baba yake aliletwa kukata mkonge Amboni
na namba shingoni badala ya jina,
Sijaona aliyeswali naye tarawehe bega kwa bega,
mkeka mmoja, kibla moja,
akifika kwetu na kiu
alipewa maji ndani ya bati.

Usiku ule wa masika, Ngamiani, barabara ya kumi na mbili,
mvua ilikuwa imekata njia ya Pangani.
Shangazi, mwosha wa ukoo wetu, amekwama Kigombe.
Mama amelala, kidevu kimefungwa kitambaa,
na maiti hawekwi akasubiri barabara.
Nikaenda mwenyewe hadi Makorora,
na mwavuli uliovunjika mbavu, kubisha kwa Sijaona.
Hakuuliza neno. Alijitanda kanga, akachukua kafuri na pamba.
Njiani nikaanza: "Bi Sijaona, yale ya zamani…"
"Tazama dimbwi," akasema.

Chumbani alitafuta kata. Kata imepasuka.
Akaniangalia.
"Lete kile cha bati."

Nikamimina. Yeye akaosha.
Kuume kwanza, maji ya mkunazi,
mkono wake umeviringwa kitambaa, shuka haikufunuka hata kidogo,
akimwita "dada" kila alipomgeuza,
kama anayechelea kumwamsha.
Nikamuuliza moyo huo kautoa wapi.
"Kwenye safu. Miaka thelathini nilisimama ubavuni mwake.
Aliyetupanga si mimi."

Kisha akafungua nywele za Mama ili azisuke misuko mitatu,
zile singa tulizojivunia,
zilizonyooshwa kwa chuma cha moto kila Alhamisi,
na maji yakazirudisha zilikotoka.
Zikajikunja. Kipilipili, laini, cha mvi,
kama za Sijaona. Kama zangu chini ya mtandio.

Mimi nilitazama. Yeye hakutazama.
Jina lake ndilo kazi yake.
"Umeona?" nikanong'ona.
"Mwosha husitiri," akajibu. "Mimina."

Kulipokucha mvua ingalipo. Mzee Mntambo wa Anglikana
akaleta turubai la kwaya, lenye msalaba wa buluu,
akalifunga kwenye mnazi wetu na nondo za dirisha la Mhindi jirani,
na chini yake wakasoma hitima, wakanywa chai,
msalaba ukivujia kanzu tone moja moja.
Wapo walionuna.
Shangazi alifika adhuhuri, akauliza nani kaosha,
akaambiwa, akanyamaza mpaka arobaini.
Sitasema alibadilika. Alikula sinia moja na Sijaona,
upande wa pili.

Kikombe sikukitupa. Nilikitoa msumarini, na msumari nikaung'oa.
Hukaa kwenye mkoba wangu pamoja na kafuri,
maana Sijaona alinifunza, na sasa tunaitwa wawili,
Chumbageni, Mabawa, hadi makambi ya mkonge,
kwa Mdigo, kwa Mmakonde, kwa Mshihiri,
na bado sijasikia maji yakiuliza kitu.

Siku hizi anakohoa. Akipanda ngazi hushika bega langu.
Mwosha huoshwa, husema, na hucheka.
Wasia wake ni mmoja tu:
nisinunue kata.