Picha Isiyo na Kichwa

Mwezi wa tatu nikiwa Kutaisi
nilikuwa nimeshazipiga picha kamba za nguo mia mbili na ushei:
mashuka yakivuka uchochoro kwa roda,
soksi za watoto, aproni yenye unga,
suruali ya marehemu ambayo Tsiala
huifua kila Jumamosi, ingawa haichafuki.

Hilo la marehemu sikulijua.
Niliipenda tu rangi yake, na mwanga.

Alinikuta ngazini, kidole kikiwa juu ya kitufe.
Hakufoka. Aliniuliza kwa lugha yake,
polepole, kama anayemlisha mgonjwa uji:
"Na wewe, nguo zako anakuanikia nani?"
Nikatafuta neno. Nililokuwa nalo mdomoni ni "mkate".
Nikasema mkate.

Akacheka hadi akashika ukuta.
Kisha akanivua kamera shingoni
kama mtoto anavyovuliwa begi la shule,
akafumba jicho lisilopaswa kufumbwa,
akapiga.

Kichwa changu hakimo.
Vimo viatu vyangu na tope la mtaa ule,
ndoo yake, nusu ya paka,
mguu mmoja wa suruali ukidondosha maji,
na mkono wangu umeshika kibanio cha nguo,
sijui tangu saa ngapi.

Katika zote, hiyo ndiyo niliyomtumia mama, Songea.
Akajibu usiku uleule:
"Nimekuona. Umekonda miguu.
Huyo aliyekupiga, msalimie."