Nakala ya Tatu

Usiku wa nne huu, chumba cha nyuma, barabara ya Naboa.
Kompyuta yangu mpya inajifanya kuukuu:
nimeipunguza kasi, nimeinyang'anya rangi,
nimeiambia, una kumbukumbu ya kilobaiti mia sita na arobaini,
usidai zaidi.
Ikakubali. Ikahesabu hadi mwisho wa kumbukumbu yake,
ikaandika kwa kijani:
*Diski haina mfumo. Weka nyingine, bonyeza kitufe chochote.*

Nikabonyeza chochote.
Kitufe chochote hakijui lolote.

Disketi ni ya Baba. Lebo aliandika mwenyewe,
kwa kalamu iliyovuja kwenye M ya kwanza:
MIZANI YA KAHAWA, MSIMU WA PILI. NAKALA 3. USIKUNJE.
Nakala ya kwanza ililiwa na ukungu.
Ya pili, mpwa wangu Khaitsa aliigeuza sahani ya mwanasesere.
Hii ilikaa ndani ya bati la biskuti
pamoja na vifungo vya koti na risiti ya saruji.

Wepukhulu, fundi simu wa karibu na mnara wa saa,
ndiye aliyeifyonza yote ikawa faili moja.
"Imesomeka," akasema. "Kuamka ni shauri lako na yeye."

Basi nikaanza kupapasa.
Anza na A, nikaamuru, si C.
Nikabadili romu; ile ya awali
ilikuwa ya mashine binamu, si ya mashine yenyewe.
Nikapanga silinda themanini, vichwa viwili, sekta kumi na nane,
nikawasha, nikazima,
nikawasha.
Kistari kimoja pembeni mwa skrini kikapepesa,
kikapepesa,
kama mtu aliyeingia chumbani
akasahau alichofuata.

Nje, mvua ya Wanale ilikuwa inashuka na mawe yake.

Saa saba ndipo nilipopima faili lenyewe,
jambo ambalo mwenye akili hulifanya kwanza.
Kilobaiti mia saba na ishirini.
Nami siku zote nne
nilikuwa nikimdai maradufu ya alichobeba.

Sekta tisa, basi. Nikaandika tisa.

*Krrr*, ikakwaruza,
sauti ya bandia, programu huitoa kwa hisani tu,
hamna injini humu, hamna sindano,
lakini mgongo wangu ulinyooka
kama ilivyokuwa Baba akifungua mlango wa ofisi
akinikuta kwenye kiti chake.

*Leo ni 1 Januari 1980. Andika tarehe sahihi.*
Nikaandika ya leo. Ikaikataa.
Nikaandika tisini na moja, siku ya Jumanne,
ikanipisha.

Nakhayenze, kilo arobaini na moja. HL.
Gimoyi, kilo kumi na tisa. HL.
Mjane wa Wozei, kilo sita na nusu, mvua iliharibu. HL.
Majina mia mbili na kumi na tatu,
na safu ya mwisho herufi hizo hizo mbili,
moja chini ya nyingine, hadi ukurasa wa tisa.
Ilinichukua muda kukumbuka alivyozitamka mezani,
kijiko kimesimama hewani:
*hajalipwa.*

Ghala sasa huuza magodoro.
Programu yake ina kitufe cha kurekebisha, cha pili kutoka kushoto.
Nilikibonyeza, sikatai.
Kistari kikasimama juu ya H, kikingoja
nifute herufi moja, mbili,
nani angejua?

Nikatoka bila kuhifadhi.
Nikalifunga faili lisomwe tu, lisiandikwe,
nikavuta daftari la Khaitsa, kurasa za hesabu,
nikaanza kunakili kwa mkono.
Kwenye jina la sitini na mbili umeme ukaondoka.

Asubuhi Wepukhulu alikuwa akipuliza vumbi kwenye simu ya mtu.
"Imeamka?" akauliza, bila kuinua macho.

Imeamka, nikamjibu.
Inadai.