Hongera, Mpishi

Tuulikki, kule Oulu, alituma picha:
mkate umeungua, mweusi kama soli ya kiatu.
Veikko, kakaye, akajibu,
"Hongera, mpishi! Mama angejivunia."

Mezani, maneno hayo yangekuja na jicho la kukonyeza,
naye angemrushia kitambaa cha vyombo.
Kwenye simu yalifika makavu,
wiki ya tatu baada ya mazishi.

Akaandika. Akafuta. Akatuma: "Asante."
Na asante hiyo ilikuwa na meno.

Veikko aliisoma mara nne.
Kisha kilomita sitini za theluji,
akaingia na buti zake hadi jikoni,
akakata kipande, akatafuna, akatafuna.
"Mtamu ajabu," alisema,
na jicho, safari hii, lilikuwepo.