Mchimba Shimo

Makaa ya mawe nilianza nikiwa na miaka tisa,
kwetu Pensilvania. Kwa hiyo waliponiambia chimba,
nilichimba. Mwezi mzima, kwa mshumaa,
udongo tukiutoa kwa masanduku ya biskuti
maana toroli hawakutupa.
Juu ya vichwa vyetu adui alikuwa akikohoa.

Alfajiri ile utambi ukazimika njiani.
Rhys Probert akaingia na kisu, akaukata, akaunga,
akatoka mbio, ndevu zimejaa vumbi.
Kisha ardhi ya Petersburg ikaumuka kama mkate:
mizinga, magurudumu,
mguu mmoja, kiatu kimefungwa vizuri.

Waliofunzwa kulizunguka shimo ni askari weusi.
Siku moja kabla, wakubwa wakageuza shauri.
Wakatangulia wasiofunzwa. Wakashuka ndani, wakashangaa,
wakashindwa kupanda.

Weusi wakaitwa jua limeshakuwa kali.
Elzey Purnell alinipita akirekebisha kifungo.
“Sindano yako,” akasema, “jioni.”
Saa sita kule chini mikono ilikuwa juu.
Mikono myeupe ilipokewa.
Sitaki kusema zaidi.

Wahenga husema mchimba kisima huingia mwenyewe.
Uongo.
Mimi nilikaa juu na kahawa yangu,
nikipongezwa.

Siku ya tatu, bendera nyeupe ikapanda,
tukapewa makoleo yetu yaleyale.
Mtu hodari wa kushona huchomeka sindano kwenye kola.
Nimepapasa kola nyingi.
Joto lilikuwa kali, sura hazikutambulika,
na sindano ni kitu kidogo sana.