Kodi Tatu

Jumanne, maktaba ya Dundee, ghorofa ya pili.
Saa kumi na moja jioni, na jua lilishafunga duka zamani.
Tumekaa duara, watu saba, kila mmoja amepakata
kitu mfano wa gitaa lililorowa mvua likanywea.
Nyuzi nne. Nikasema moyoni: nne tu?
Mimi hukunja shuka mia nne kwa zamu
kwenye dobi la hospitali. Nne zitanishinda nini?

Katriona, mwalimu wetu, hata miaka ishirini na mitano hajafika,
akasema leo tunaanza na kodi.
Nikashtuka. Kodi niijuayo mimi
hulipwa tarehe mosi, na mwenye nyumba hana subira.
Kumbe ni sauti kadhaa zikitoka mlango mmoja.
Ya kwanza inaitwa Si. Si kazi, nikajisemea:
kidole kimoja, cha pete,
uzi wa chini kabisa, chuma cha tatu.
Kwetu husemwa kidole kimoja hakivunji chawa.
Hapa kilivunja kimya.

Ya pili Efu, vidole viwili.
Ya tatu Ji, vidole vitatu,
Ji ile ya jikaze, ya jipe moyo,
na usiku, nikiwa peke yangu, ya jilaumu.
Kutoka Si kwenda Efu ni safari.
Wimbo husimama njiani kama basi kituoni,
abiria wote wameketi,
dereva anatafuta miwani.

Nimekata kucha za mkono wa kushoto.
Za kulia nimeziacha.
Salha akaziona kwenye simu, yuko Muheza anamenya machungwa:
— Dada, umefiwa mkono mmoja?
— Najifunza ukulele.
— Kelele?
— Ukulele.
— Ndiyo, nasikia. Kelele.
Kisha: — Na magoti yako hayo?
Nikamwambia hakipigwi kwa magoti.
Akacheka hadi simu ikaanguka kwenye maganda,
nikabaki natazama dari lao, na buibui.

Shuleni tulihesabu mizani kwa vidole, nane na nane,
na vidole wakati ule havikunisaliti.
Basi nikavitungia ubeti, nikivisuta:

Vidole vyangu vizito, vyagongana kama mbuzi,
Vyajua mvuke na joto, na nguo za wauguzi,
Leo vyapewa kitoto, kinacholia kwa uzi,
Naomba wimbo mzito, chanipa wa mwanagenzi.

Kina cha mwisho kimeteleza, najua.
Ndivyo kilivyoteleza kidole.

Wiki ya tatu ncha zikaota sugu.
Nikishika kikombe cha chai
joto hunifikia limechelewa, kama barua.
Kazini Agnieszka akazibonyeza moja moja,
akauliza kama ni mashine ya kupigia pasi.
Nikasema ndiyo. Sijui kwa nini nilidanganya.
Labda kitu kidogo hivi, ukikitaja mapema,
kinalegea kama uzi mpya kwenye baridi.

Jumanne ya sita tulipiga wimbo mzima, wote saba.
Petrie, fundi bomba mstaafu,
ambaye kidole chake kimoja hufunika nyuzi mbili,
alikuwa anahesabu kwa kiatu.
Walifika mwisho. Wakanyamaza.
Mimi nilikuwa bado naitafuta Ji,
cha shahada hapa, cha kati kule, cha pete,
na nilipoipata chumba kilikuwa kitupu cha sauti,
ikalia peke yake, safi,
hata mimi nikageuka kuona nani amepiga.

Hakuna aliyepiga makofi. Petrie alikohoa.
Katriona akasema, turudie kutoka juu.

Nimeshuka ngazi na chombo ndani ya koti, mvua isikione.
Kodi tatu nimelipa.
Leo tarehe mosi. Iko ya nne,
na hiyo haitaki vidole.